Ukuta wa Mbao na Mtoto wa Shangazi

Harufu ya oili chafu hunirudisha mlimani kwetu Ilemela hata kabla sijageuka kuona ni gari gani linatengenezwa. Majirani wote walizuia udongo wao kwa mawe, maana Mwanza mawe yamejaa hadi mlangoni. Baba yangu hakutaka. Alikuwa fundi wa mitumbwi kule mwaloni, wanakoshushia samaki, na bustani ya mchicha ya mama, iliyokuwa kwenye mteremko juu ya jiko letu, aliizuilia udongo kwa ukuta wa mbao za mitumbwi iliyochoka. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli tuliukarabati: kukwangua mchwa, kubadilisha nguzo iliyooza, kupaka oili. Kazi ile ilikuwa yangu na baba, wawili tu, na mikono yangu myeusi niliringa nayo hata kanisani.

Mwaka mmoja akaja Tereza, mtoto wa shangazi kutoka Ukerewe, akae nasi asome. Alikuwa amepewa jina la bibi, mama mzazi wa baba, kwa hiyo baba hakumwita Tereza hata siku moja. Alimwita Mama. “Mama, umeshiba?” “Mama, njoo ukae kivulini.” Kitoto cha darasa la nne! Utamshindaje mtu ambaye baba yako anamwita mama? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua. Siku ya ukuta ilipofika, baba akampa yeye brashi yangu, mimi nikaambiwa nilete maji. Nikaenda nikiburuta ndoo kwa wivu.

Tena Tereza akaja na wazo. Mbao zilikuwa na nafasi kati yake, na mvua ikinyesha maji ya matope yalichuruzika hadi jikoni. “Mjomba, si tuuzibe kwa pamba kama mtumbwi?” Baba akapiga paja lake kwa furaha. “Mnasikia? Mama kasema!” Wakaketi bega kwa bega kutwa nzima wakikandamiza pamba na kupaka oili, huku mimi nikisomba maji na kumwomba Mungu, bila haya, ukuta ule uanguke.

Mvua ya kwanza, hata tone halikupita. Baba alisimama mlangoni akichekelea. Mvua zilipozidi, ukuta ukaanza kutoa tumbo. Mama yangu akautazama, akashika kiuno. “Baba Sabina, mtumbwi maji yake yako nje. Haya yako ndani, yatatokea wapi?” Baba akakimbilia keekee, akatoboa mbao za chini moja baada ya nyingine, maji yakaruka kama mkojo wa ng'ombe. Ukuta ukapona. Tereza alikuwa analia, nami nikangoja kwa hamu akemewe, nirudishiwe brashi yangu. Wapi! “Nyamaza, Mama. Mwenye kosa ni mimi fundi.” Akamkabidhi na waya wa kuzibua yale matundu. Mimi hakunitazama.

Siku hizi nina kwangu Mkolani. Ukuta wangu ni wa mawe na saruji, una mabomba ya kutolea maji, na hauhitaji brashi wala mtu wa kugombea brashi. Wanangu hawajui hata unashikilia nini. Ni bora kuliko ule wa mbao kwa kila kitu, ila haujawahi kuwakalisha watu wawili pamoja. Juzi nilimleta baba auone. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Akauzunguka polepole, akachomeka kidole kwenye kila bomba, na mimi nyuma yake, mama mzima mwenye watoto wakubwa, nikingoja neno. “Haya,” akasema. Basi. Akaketi, akaomba simu, nimpigie Mama. Nikampigia Tereza. “Mama! Njoo uone ukuta wa Sabina. Mawe yamekaa, maji yanapita, mimi mwenyewe nisingeweza kujenga hivi!” Akaendelea hivyo hadi chai yake ikapoa. Sifa zote zilikuwa zangu, na aliyeambiwa ni yeye.