Nyota Iliyopwita

Mtaani walimwita Mama Nyota, ingawa alikuwa na watoto wawili na hakuna hata mmoja aliyeitwa hivyo. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpimaji katika kituo cha darubini kilichokaa kilimani nyuma ya chuo. Picha zilizopigwa usiku na mitambo alizikuta asubuhi kwenye kompyuta, akajifungia na chupa yake ya chai, akapima mwanga wa nyota moja baada ya nyingine mpaka macho yakawasha. Waliodhani anatabiri ndoa na biashara walikuwa tele. "Nyota yangu inasemaje leo?" wakimuuliza, alijibu, "Inasema ulale mapema."

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu, mkuu wa kituo. Kituo chenyewe mzee yule alikijenga kwa kuombaomba: kioo huku, injini kule, bati la paa kwa huruma ya mkandarasi. Ndiye aliyemkuta Mama Nyota kwenye dawati la mapokezi la chuo, anasoma kitabu cha hesabu chini ya meza, akamtoa pale akamsomesha. Mama Nyota alikua bila baba, na hakuona haya kusema kwamba ukubwani alimpata.

Mwaka wa mwisho kabla Mwalimu hajastaafu, wakapata nyota yao. Ilikuwa ndogo, ya buluu, yenye joto la kutisha, moja ya zile zilizovuliwa joho lao la nje zikabaki kiini kitupu. Nyingine za aina hiyo hupwita: hutanuka na kunywea, mwanga ukipanda na kushuka kwa dakika chache tu. Yao ilipwita kwa dakika nane. Hakuna aliyewahi kuitangaza. Mwalimu akatangaza. Gazeti likaja, likapiga picha. Wifi yake Mama Nyota, mwenye saluni, akaikata picha ile akaibandika kwenye kioo, na kila aliyeketi kusukwa alisomewa, atake asitake.

Shida ilianza asubuhi moja tulivu. Mama Nyota alikuwa anaandaa mchoro wa kupeleka kwenye jarida, akaona si vibaya kupima na nyota za jirani ambazo hakuna aliyezishuku. Ya kwanza ikapanda na kushuka kwa dakika nane. Ya pili vilevile. Akasukuma kikombe pembeni, akarudia. Nyota haziwezi kuambizana.

Akapanda ngazi hadi kwenye darubini, akafungua kifuniko cha injini inayoizungusha ifuatane na anga. Gia ndogo ilikuwa imelika upande mmoja. Kila ilipomaliza mzunguko, darubini ilishtuka kidogo, nyota zikahama hadi sehemu ya kamera yenye vumbi, mwanga ukaonekana kufifia. Aliiwekea saa. Hakuhitaji kusubiri imalize, alishajua ni dakika nane. Na gia ile aliifunga Mwalimu kwa mikono yake, baada ya kuitoa kwenye mashine kuukuu, na kila mgeni alionyeshwa.

Siku kadhaa alikula bila kujua anakula nini. Hatimaye akaingia ofisini kwa mzee, akamwekea michoro mezani. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi iache. Nibadilishe gia, tuendelee."

"Na tuliyotangaza?"

"Kinyota kile, mwanangu, nani atahangaika kukipima?"

"Mimi nimeshahangaika."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unataka nitoke hapa nachekwa?"

"Sitaki. Wallahi sitaki. Lakini wengine wakipima wasione kitu, watasema tulitunga. Hapo ndipo tutachekwa."

"Andika, basi. Ila uweke jina lako peke yake."

Akaandika masahihisho. Alisema gia ililika, hakusema nani aliifunga. Kwa kuwa jina lilikuwa lake, watu wakajaza wenyewe kilichobaki: mpimaji hakuwa makini. Alisikia hivyo kwenye korido, akapita.

"Kwa hiyo wifi, nyota haipo?" aliuliza mwenye saluni, chanuo mkononi.

"Ipo. Haipwiti tu."

"Sasa wateja niwaambieje?"

"Waambie nilikosea."

Wifi akabandua gazeti. Gundi ikaacha alama nne kwenye kioo, zikagoma kutoka hata kwa maji ya moto.

Siku ya kumuaga Mwalimu, ukumbi ulijaa. Mzee alishukuru watu mmoja mmoja: mlinzi, mfagiaji, fundi umeme, hata mpishi wa chuo. Mama Nyota alikaa amejiandaa kusimama. Hakutajwa. Alipiga makofi pamoja na wengine, viganja vikamuuma.

Baadaye alikwenda nyumbani kwa mzee na mfuko wa machungwa. Mke wa Mwalimu akasema mzee amelala, na kabla hajamaliza kusema, kikohozi cha Mwalimu kikasikika sebuleni. Wanawake wale wawili wakaangalia chini. Machungwa yakapokelewa mlangoni.

Gia mpya ilifungwa. Mama Nyota akaipima upya nyota ile, miezi ikapita, mstari ukabaki umenyooka kama uzi wa mwashi. Siku moja akakutana na mke wa Mwalimu kwenye kibanda cha mboga.

"Mzee anauliza gia inashikaje."

"Inashika vizuri, mama."

"Na ile nyota?"

"Mwambie imetulia tuli."

"Hilo mimi simwambii. Njoo umwambie mwenyewe."

"Atanifungulia?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nitakufungulia."

Jumamosi akaenda. Mwalimu alikuwa amefungua redio mbovu mezani, bisibisi mkononi, na hakuinua macho. Mama Nyota akamwambia. Mzee akaitikia kwa pua, kisha akauliza kama kule kilimani mvua imeanza. Akajibiwa bado. Waliendelea na habari za mvua mpaka chai ikapoa, na alipoaga, Mwalimu alimtaka amshikie tochi kidogo, kuna waya hauonekani.