Laini Tatu Nisizozijua

Mara ya kwanza askari aliponipigia simu, nilimkatia. Mara ya pili nilimkatia tena, ila kabla ya kukata nilimwambia, "Tafuta mjinga mwingine, kaka." Nilikuwa ofisi ya walimu, mapumziko ya saa nne, nasahihisha madaftari ya hesabu ya darasa la tano. Wenzangu wawili waliokuwa wakinywa chai wakanipongeza. Kila mmoja wetu alikuwa ameshapigiwa na watu wa aina hiyo: mara umeshinda zawadi, mara pesa imeingia kwako kimakosa uirudishe. Huyu aliyejiita askari wa upelelezi kutoka Mlimba alijua majina yangu matatu, na namba yangu ya kitambulisho cha taifa aliisoma mpaka tarakimu ya mwisho. Nilimwona tapeli aliyejiandaa kuliko wenzake, basi.

Siku mbili baadaye mtendaji wa kata alikuja shuleni na pikipiki yake, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nami nikaitwa. Mezani palikuwa na karatasi yenye muhuri. Nilitakiwa kufika kituo cha polisi Mlimba kuhojiwa kuhusu kujipatia fedha kwa udanganyifu.

Mwalimu mkuu, mama ambaye nimefanya naye kazi miaka tisa na ambaye watoto wake wawili nimewafundisha mimi, aliisoma karatasi ile. Kisha akauliza, "Mwalimu, kuna kitu unataka kuniambia kabla hujaenda?"

"Hakuna," nilisema.

"Chochote kile."

"Mwalimu mkuu, hakuna!"

Nilisikia sauti yangu imepanda, na nikajua kwamba kwa mtu anayesikiliza, mwizi naye angejibu vilevile.

Nyumbani Mlabani, hapa Ifakara, mume wangu naye alikuwa na maswali yake. Nimemwazima nani simu? Nimempa nani namba ya siri? Hajawahi kunishuku kwa lolote, lakini jioni ile aliuliza swali moja kwa njia nne, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, na kila nilipojibu alinitazama kana kwamba anapima. Nililala nimemgeuzia mgongo.

Asubuhi tulipanda basi la Mlimba pamoja. Njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, tukafika saa nane mchana tumechoka na matope yametufika magotini, kwa sababu mara mbili abiria tulishushwa ili basi lipite.

Yule askari niliyemkatia simu alikuwa mtu mpole. Alinikaribisha kiti, akatabasamu kidogo. "Mimi ndiye yule tapeli," alisema. Nikaomba radhi. Akasema afadhali mimi niliyekata, wengi hawakati. Kisha akafungua jalada na kunieleza.

Mwezi uliopita, mfugaji mmoja wa huko Mlimba alipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa malezi katika shule ya bweni hapa Ifakara, anakosoma binti yake. Alimwambia mtoto ameanguka bwenini, amepoteza fahamu, yuko hospitali, atume pesa haraka aanze kutibiwa. Mzee hakuwa mjinga. Kabla ya kutuma alitaka kuona jina. Jina lililotokea kwenye simu yake lilikuwa langu. Akamuuliza jirani yake aliyewahi kuishi Ifakara, na jirani akamjibu, ndiyo, namfahamu huyo, ni mwalimu kweli, ni mama wa watu. Ndipo mzee akatuma. Alituma mara mbili, maana mara ya pili aliambiwa inahitajika damu.

"Laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako na alama ya kidole chako," askari alisema. "Kidole, mwalimu. Si karatasi tu."

Kitambulisho ningeweza kueleza. Nimeshatoa nakala nyingi mno maishani, kwa mkopo wa pembejeo, kwa usajili wa kikundi, kwenye vibanda vya kutolea fotokopi ambako nakala iliyotoka mbaya unaiacha hapohapo sakafuni. Lakini kidole?

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenyewe. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti juu ya shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Alikaa kwenye benchi, akautazama ukuta. Katika umri wangu wote sikuwa nimewahi kumwamkia mtu mzima akaniachia shikamoo yangu hewani. Mume wangu aliinamisha kichwa.

Askari akasema mzee ndiye aliyeongea na mwanamke yule, na anasema sauti ile hawezi kuisahau. Aliniomba nitoke nje, nisimame kwenye korido, nimpigie mzee simu, na niseme maneno yaleyale. Aliniandikia kwenye karatasi. Nilisimama pale koridoni, mwalimu wa miaka kumi na saba kazini, nikasoma kwenye simu kama mtoto anayesoma ubaoni: "Baba, usiogope, mtoto ameanguka lakini anapumua. Mimi niko naye hapa. Tuma upesi, daktari anasubiri."

Nilipofika kwenye neno "anapumua" nililia. Sikulia kwa ajili ya mzee, nataka kusema ukweli. Nililia kwa hasira.

Niliporudi ndani mzee alikuwa akitikisa kichwa. "Siye," alimwambia askari. "Yule alikuwa na sauti ya huruma. Alinifariji. Huyu mama ana sauti kali." Kisha akanigeukia. "Marahaba," akasema.

Askari aliandika. Akanieleza kwamba maelezo ya mzee yananisaidia, lakini laini bado iko kwa jina langu, na mpaka itakapofungwa lolote litakalofanywa nayo litanirudia mimi. Akaniuliza tena, taratibu, nikumbuke ni wapi niliwahi kuweka kidole.

Nikakumbuka tukiwa bado mbele ya meza yake. Mwaka uliopita, mwisho wa palizi ya mpunga, simu yangu ilitumbukia kwenye jaruba kule shambani Mkula. Nilihitaji laini mpya. Karibu na stendi palikuwa na bwana mmoja wa makamo, mwenye mwavuli wa rangi na meza ndogo, anasajili laini. Alinikaribisha vizuri, akaniita mwalimu kabla sijamwambia kazi yangu, pengine kwa sababu ya chaki kwenye sketi. Niliweka kidole kwenye kifaa chake. Akasema hakijasoma. Nikaweka tena, hakijasoma. "Ni palizi hii, mwalimu, vidole vimelika. Futa kwanza." Alinipa kitambaa. Nikaweka cha pili, nikaweka gumba. Mara ya nne akasema sasa kimekubali. Nilimshukuru kwa uvumilivu wake. Nakumbuka kabisa nilimwambia, "Asante, kaka, wengine wangeshanifukuza."

Sina ushahidi kwamba ni yeye, na tuliporudi Ifakara hakuwepo. Wauza matunda walisema aliondoka zamani, mmoja akasema Kilosa, mwingine akasema Songea.

Sasa ndipo ilipoanza kazi ya kuzifunga laini. Katika duka la kampuni ya simu, dada wa kaunta alibonyeza kompyuta yake akasema kwa jina langu kuna laini nne. Moja ndiyo hii ninayotumia. Tatu sizijui, moja kwa kila mara niliyoambiwa kidole hakijasoma.

"Zifunge zote tatu," nilisema.

"Sawa mama. Weka kidole hapa."

Nilirudisha mkono nyuma kana kwamba nimeonyeshwa moto. Akacheka, kisha akaona sicheki. Niliweka, baada ya kumtaka ageuze kioo nione kinachoandikwa. Watu kwenye foleni waliguna.

"Haya. Laini zenyewe umekuja nazo?"

"Zipi?"

"Hizo unazotaka kuzifunga. Utaratibu ni uje na laini, au upige kwa namba hiyo uthibitishe ni yako."

"Dada, laini anayo mwizi."

"Basi lete ripoti ya polisi ya kupotelewa na mali."

"Lakini sijapoteza kitu. Hizi laini sijawahi kuwa nazo."

"Ndiyo, mama, ila mfumo unataka ripoti ya kupotelewa."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida hapendi maneno, alisema tuifuate hiyo ripoti tumalize. Nilikataa. Nikamwambia, kule Mlimba nimeapa kwamba laini hizi si zangu. Leo nikaandike kwamba zilikuwa zangu nikazipoteza? Karatasi hiyo ikifika kwenye jalada la askari itasomeka vipi? Aliona ninachosema, lakini alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, tukagombana hapohapo mlangoni pa duka, watu wanapita.

Ilichukua wiki tano. Nilienda dukani mara sita, na kila mara nilimkuta mtu mwingine kwenye kaunta, nikaanza upya kutoka mwanzo: mfugaji, mwavuli, kidole. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja nikasikiliza muziki mpaka salio la uvumilivu likaisha. Yule askari wa Mlimba ndiye aliyeniokoa, aliandika barua kueleza kuwa laini hizo ziko chini ya uchunguzi na kwamba mimi si mtumiaji wake. Hata barua hiyo ilikaa siku nane kwenye meza ya msimamizi wa duka kwa sababu alikuwa likizo.

Ndani ya wiki hizo tano laini ya pili ilifanya kazi. Jumapili moja baada ya misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisogelea akanong'ona, "Mwalimu, ile shida yako imeisha?" Nikauliza shida gani. Akasema alipigiwa simu na mtu akaambiwa nimelazwa, atume pesa, na alipoihakiki namba jina likatokea langu. Yeye hakutuma, alisema, hakuwa na pesa. Nilimweleza yote pale mbele ya kanisa. Alisikiliza, akasema pole sana. Lakini Jumamosi iliyofuata, tulipokutana kusali nyumbani kwake, niliona mkoba wake ameuhamisha kutoka kwenye kochi nililokalia. Labda aliuhamisha ili nipate nafasi. Sikuweza kumuuliza, na bado sijui.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna dirisha la kuipeleka. Fedha za mzee zilichukuliwa, na kiasi chake kinaweza kutajwa. Kwangu kilichochukuliwa ni kwamba mtu akisikia jina langu, anatuma. Nilikitengeneza kwa miaka kumi na saba, na mwanamke mwenye sauti ya huruma akakitumia kwa dakika kumi.

Siku laini zile tatu zilipofungwa hatimaye, nilisimama nje ya duka nikahakiki mwenyewe kwenye simu, na menyu ikaniletea laini moja tu. Nilidhani nitafurahi. Nikaenda kununua sukari.

Tangu hapo nahakiki kila mwisho wa mwezi. Nakala ya kitambulisho nikiitoa naandika juu yake kwa kalamu ni ya kazi gani na tarehe, na ikitoka mbaya naichana mwenyewe. Laini nilienda kuibadilishia dukani, si barabarani. Mtu akinipigia akisema ndugu yangu ameumia, nakata, nampigia ndugu yangu. Kwenye kikao cha wazazi nilisema haya yote, na baba mmoja akauliza kama ajenda ya uji wa watoto tutaifikia lini.

Mzee sikuonana naye tena, ila Jumamosi moja nilikwenda kwenye ile shule ya bweni. Sijui hasa nilitaka nini. Nilijitambulisha kwa mwalimu wa malezi, yule wa kweli, nikaomba kumwona binti. Alikuja, msichana wa kidato cha pili, mrefu kama baba yake, mzima wa afya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unanijua?"

"Najua jina," alisema, akiangalia viatu vyake. "Baba aliniambia si wewe. Lakini bwenini wanasema ni wewe, na kwamba ulimlipa askari."

Mwalimu wa malezi alimkemea. Nikamwambia amwache, mtoto amesema ukweli. Nikaomba, kama inawezekana, niongee na wasichana wote.

Walikusanywa kwenye bwalo la chakula. Nilisimama mbele yao nikataja majina yangu yote matatu. Kulikuwa na mnong'ono, nikausubiri uishe kama ninavyosubiri darasani. Nikaeleza jinsi kidole changu kilivyosomwa mara nne, na jinsi baba wa mwenzao alivyopigiwa. Sikuficha kitu isipokuwa kule kulia kwangu koridoni. Nilipomaliza, mkono mmoja ulinyooka nyuma kabisa.

"Mwalimu, huyo mwanamke alikamatwa?"

"Hapana," nilisema.

"Na yule wa mwavuli?"

"Hapana. Hata yeye."

Msichana aliyeuliza alisubiri nimalizie. Wote walisubiri. Mwalimu wa malezi akanyanyuka akawaambia wanishukuru, wakapiga makofi, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.