Hoteli Mbili na Ng'ombe wa Baba

Wanaosema mji wetu wa Bunia umetulia nawaomba siku moja wapange harusi hapa.

Mdogo wangu alipochumbiwa, wakwe zetu, wafanyabiashara wa mjini, walitaka sherehe ya fahari. Hoteli za namna hiyo zilikuwa mbili tu: ile yenye bwawa la kuogelea, na ile ya kilimani yenye vioo vya bluu. Kamati ya harusi ilikaa kwetu, mtaa wa Ngezi, ikanywa chai yetu na kubishana juu ya jenereta na vigae. Mimi, binti mkubwa, nilisaga meno. Hakuna aliyemuuliza baba.

Na baba ndiye aliyehitajika kuliko keki. Kwetu wafugaji, siku ya kutoa binti, baba yake ndiye anayeonja nyama kwanza. Asipoigusa, wakwe hawali, na ndoa inaondoka na kisirani ambacho watu watakitaja kila mtoto atakapougua.

Kamati ilichagua ya bwawa. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

“Mule sitakula,” alisema. “Mudogo yangu iko mule chini. Bado hatuyamulilia.”

Kabla ya kuwa hoteli palikuwa depo ya kahawa, na wakati wa vita wenye silaha walipageuza jela. Baba mdogo aliingizwa pale tukimwona, na kofia yake kichwani. Hakutoka. Hatukupewa mwili, hatukukaa matanga, na kwetu mtu hali chakula mahali ambapo damu ya ndugu yake haijaliliwa. Sasa wameweka vigae na viti vya kuota jua.

Msemaji wa wakwe, bwana mwenye tai na simu mbili, aliguna. “Papa, vita ilishaisha. Tuache mambo ya zamani. Na ile pisini ya kuogelea iko muzuri kwa mafoto.”

“Weye wende upige foto juu ya kaburi ya papa yako!” nilimwambia. Mama akanivuta kitenge. Mpaka leo sijuti.

Basi wakahamia ya kilimani, wakidhani wametufanyia hisani. Ile ni mali ya mtu ambaye wakati wa vita alinunua ng'ombe walioporwa vijijini, kwa bei ya kuku. Wetu waliswagwa kutoka malishoni upande wa Djugu hadi zizini kwake. Baba aliwafuata, akamtambua hata yule dume wa pembe iliyovunjika, akafukuzwa kwa bunduki. Ng'ombe wakazaa malori, malori yakazaa hoteli. Amani ilipokuja, hakuna aliyemuuliza yule bwana kitu, na Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani.

Kwa wauaji au kwa mwizi: hiyo ndiyo amani tuliyopewa, tuchague. Nilitaka tufanyie uani kwetu, chini ya turubai. Wakwe walisema hawawezi kuwaleta wageni wao kwenye matope. Mdogo wangu akajifungia chumbani kulia, na kwa kilio kile baba akakata shauri.

“Twende kwa mwizi,” alisema. “Ng'ombe hawana matanga.”

Siku ilipofika alivaa koti lake la kanisani, akaketi meza ya mbele. Sahani ya nyama ikaletwa. Baba aliitazama nyama ile, mikono yake mapajani, na mdogo wangu akaitazama mikono ya baba. Nilikuwa na hasira hata nikaona afadhali aipindue meza, harusi ife. Halafu nikamtazama mdogo wangu, nikaomba ale.

Akaonja. Papo hapo mwenye hoteli akaja, tumbo mbele, akicheka na kusalimia wageni.

“Karibu sana, muzee. Nyama iko muzuri?”

Baba alitafuna polepole, akameza.

“Iko muzuri,” alisema, ukumbi mzima ukisikia. “Maziwa yao tulikunywa miaka mingi, kule Djugu. Nyama yao, ni leo ndio unatupatia.”

Kicheko kilimkatikia yule bwana mdomoni. Wakwe, wasiojua lolote, walipiga makofi kwa kuwa baba amekula, wakaanza kula na wao.

Baba akaisukuma sahani mbele yake.

“Ongeza,” alisema.

Na mwenye hoteli, mbele ya wageni wote, akachukua kijiko, akampakulia.