Daftari Lililookotwa Lamboni

Siku Mwikwabe alipoitwa msaliti wa nchi, aliyesoma mashtaka alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe.

Usicheke. Mgambo alishasimama na kamba mkononi.

Ni Gorong'a, Tarime, mwaka sabini na mbili. Nchini Uganda serikali ilikuwa imepinduliwa mwaka uliotangulia, na redio kila siku ilihimiza watu wafumbue macho, adui yuko karibu. Wakafumbua mpaka usingizi ukawakimbia. Mchuuzi akipita na furushi, linakaguliwa hadi chumvi.

Mwikwabe alifundisha kisomo cha watu wazima. Kijana mwembamba, mdomo haupumziki. Padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya alimwachia kamusi nene ya Kiingereza, na kurasa za mwisho zilikuwa na misemo ya Kifaransa ambayo Waingereza wameiazima wakaifanya yao. Ikamtia wazimu. Kumbe hata Mwingereza huishiwa maneno akabisha hodi kwa jirani!

Akawa anainakili kwenye daftari, maana zake kwa Kiswahili pembeni. Jioni anateremka nalo lamboni, anamfundisha Bhoke misemo miwili mitatu kabla hajajitwisha maji.

Bhoke huyo ni binti wa Mzee Mogesi, balozi wa nyumba kumi.

Hakuna aliyejua. Ng'ombe wa kupeleka kwa balozi Mwikwabe hakuwa nao, na tayari mfugaji mmoja tajiri wa Kisaka alikuwa ameanza kumuulizia Bhoke. Siri ikitoka, Bhoke anaolewa Kisaka kesho yake.

Basi asubuhi moja wanawake wakaokota lamboni daftari alilolisahau jana yake, wakalipeleka kwa balozi. Saa nane mchana kijiji kizima kikaitwa mkutanoni.

"Mwandiko huu ni wa nani?" Mzee Mogesi aliuliza.

"Wa mwalimu!" wakajibu kwa pamoja. Wangeusahau vipi, wakati wameuiga ubaoni miaka miwili?



Mzee akavaa miwani. "Maneno ya kigeni yamenishinda. Lakini haya ya pembeni nayaweza." Akafuata mstari kwa kidole, silabi kwa silabi, vile vile alivyofundishwa na Mwikwabe. Palipoandikwa *coup d'état* akasoma, "Ku-pi-ndu-a se-ri-ka-li."



Palipoandikwa *rendezvous*: "Ma-ha-li pa ku-ku-ta-na. Mfano, la-mbo-ni." Kwenye *tête-à-tête*: "Mazungumzo ya faragha ya watu wawili." Kwenye *carte blanche*: "Ruhusa ya kufanya lolote."

"Uwii! Tumefuga nyoka!" mama mmoja akapiga yowe.

"Mzee, ni misemo tu!" Mwikwabe alijitetea, jasho likimtiririka. "Waingereza wanaitumia kila siku."

"Ahaa, kwa hiyo umetumwa na Waingereza?" mgambo akadakia.

Loo, mdomo uliponza kichwa.

"Mura, kijana wangu," balozi akasema kwa upole uliomtisha zaidi ya ukali, "nina swali moja. Lamboni ulikutana na nani? Mtaje, uende nyumbani ukale. Usipomtaja, leo unalala Tarime bomani."

Mwikwabe akatazama chini. Kumtaja ni kumvua Bhoke nguo mbele ya kijiji. Kutomtaja ni jela, na enzi zile jela ya usaliti haikuwa na siku ya kutoka.

"Nilikuwa peke yangu, Mzee."

"Hapa umeandika watu wawili."

"Peke yangu," akarudia, akanyoosha mikono mbele.

Mgambo akaanza kufunga. Kamba ya katani, inauma kweli. Mzunguko wa tatu ulipokazwa, sauti ikatoka upande wa akina mama.

"Tata, mwacheni. Alikuwa na mimi."

Watu wakageuka wote. Bhoke alikuwa amesimama, machozi yamemjaa machoni.

Balozi hakushtuka. Alivua miwani taratibu, akafunga daftari.

"Jasusi gani anaandika siri zake, halafu anatutafsiria pembeni?" akauliza.

Kicheko kikaanza huku na huku.

"Lamboni ni karibu, lakini binti yangu miezi miwili anarudi jua limezama. Ningemuuliza yeye, angelia. Ningekuuliza wewe, ungenijibu Kifaransa." Akamgeukia mgambo. "Mfungue. Kwa kosa la lamboni atalipa mtamba mmoja. Mahari nitaongea na baba yake."

"Na yule wa Kisaka je, balozi?" mtu akauliza.

"Huyu amefungwa kamba na bado hakumtaja mwanangu. Nimtafutie nani mwingine?"

Mwikwabe akalia hadharani, mwanaume mzima wa Kikurya, na hakuna aliyemcheka.

Ndugu yangu, usimdharau aliyejifunza kusoma akiwa na mvi. Wewe unasoma maandishi. Yeye anamsoma mwandishi.