Gari Lililopiga Mbinja

Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini linalosimuliwa zaidi mtaani ni hili: nililiongezea gari letu uzuri katika miaka ambayo kila mwenye akili Tororo alikuwa akiliharibu lake kwa mikono yake mwenyewe.

Wasiokuwapo wakati ule wataona nazungumza upuuzi. Ilikuwa Uganda ya miaka ya sabini, serikali ya jeshi, na mwenye gari zuri alikuwa kama mtu aliyebandika mwaliko wa karamu barabarani. Mwanajeshi akilipenda, alinyoosha mkono kuomba ufunguo, nawe ukampa huku unatabasamu, kwa sababu baadhi ya waliokataa kutabasamu hatukuwaona tena. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Siku zile kizuri kilichukuliwa kabla hakijapata nafasi ya kujiuza. Basi watu wakajifunza ufundi mpya. Mfanyabiashara mmoja wa Busia aliligonga gari lake kwa nyundo, mlango baada ya mlango, kwa utulivu wa mtu anayepiga pasi. Mwingine aling'oa taa ya mbele akaificha chini ya kitanda. Ukimwambia mtu gari lake linapendeza, alikasirika. Ulitakiwa useme, "Mashallah, limechakaa!" naye akashukuru.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na elimu ile ilinitosha kujua jambo bila kulifuata.

Gari lenyewe lilikuwa la mke wangu. Nalisema hili mapema, maana akisoma hapa bila kulikuta ataniita jikoni. Yeye alinunua vitenge Busia na kuviuza sokoni Tororo. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani: nilipika, niliwaogesha watoto, nilitengeneza redio za majirani mpaka zikaharibika vizuri, na siku za kwenda Busia nilikuwa dereva wake. Kale kagari ndiko kalikotulisha. Kakiondoka, vitenge vingebaki Busia na sufuria zetu zingebaki zimefunikwa.

Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: likipakiwa marobota ya vitenge, lilichoka. Kwenye kile kilima kidogo cha upande wa Osukuru lilipanda kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka. Hapo ndipo jirani yetu alipotupita. Jirani huyu alikuwa mtu wa boda: alibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia, kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda, na mara nyingi alipata mzigo wa kuleta mpaka Tororo. Siku moja alitupita kilimani na gunia la muhogo nyuma, miguu inazunguka, akapunguza mwendo ili azungumze nasi dirishani.

"Injinia, habari ya safari?" akasema. "Naona leo gari ya mke yako natembea kama ng'ombe ya mnada."

"Endesha baiskeli yako," nikamwambia.

"Naendesha. Wewe ndio hapana endesha. Nakwenda mbele, nitawaambia watoto baba nakuja kesho."

Mke wangu alicheka mpaka akashika marobota. Mimi sikucheka. Kilima kile kiliniingia moyoni.

Nilipomsimulia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa lori upande wa Kenya, alisema ana dawa. Mhindi mmoja wa Nairobi aliyependa mashindano ya magari alikuwa amelipindua gari lake, aina ileile ya letu, na kilichobaki kizima ni kifaa alichokuwa bado hajakifunga. Safari iliyofuata shemeji akakileta ndani ya kasha la mbao, limejaa majani makavu kama kasha la mayai.

"Tabo," akasema, maana ndivyo madereva walivyoiita turbo, akalipiga kofi kasha. "Ukifunga hii, shemeji, hata hilo beseni lenu litaruka."

Ndani mlikuwa na chuma cha umbo la konokono, mabomba, gasketi, na karatasi ya maelezo yenye picha nyingi. Niliisoma kwa siku kadhaa kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mke wangu aliniuliza konokono huyo anafanya nini. Nikamwambia ni mvukuto. Mhunzi anapovuta mvukuto, moto unapata hewa na unawaka zaidi, sivyo? Basi huyu naye anasukumia injini pumzi. Na anayemzungusha ni moshi wenyewe unaotoka, ule ambao sisi tunautupa bure.

"Kwa hiyo gari litakula moshi wake," akasema.

"Sivyo kabisa."

"Na wewe umewahi kufunga kitu kama hicho?"

"Nimesoma karatasi."

Akasema maneno ambayo, kama ningeyafuata, leo nisingekuwa naandika haya: "Haya. Lakini usilipendezeshe. Nguvu liwe nazo ndani, nje libaki na sura yake mbaya."

Nililifunga uani, ubavuni mwa jiko, gari likiwa juu ya jeki na mawe. Nilitoa bomba la kutolea moshi, nikafunga la kwenye kasha. Boliti mbili zilikatika, nikazitoa kwa patasi na maombi. Kabureta nikaihamisha. Huku napika maharage. Kila nikihisi harufu ya kuungua nilitambaa kutoka chini ya gari, nikakoroga, nikarudi. Siku ile tulikula maharage yenye ladha ya grisi na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa sukari na sabuni zilikuwa zimeadimika na watu walikuwa wamezoea mambo mageni.

Palibaki jambo moja. Konokono yule huzunguka kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo hupelekewa oili na injini ili asiungue, na oili hiyo lazima irudi. Picha ilionyesha bomba nene likishuka moja kwa moja mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mshale umechorwa unaoelekea chini, umekolezwa wino. Lakini ili bomba liingie sampu, sampu ishushwe, itobolewe. Nilikuwa sina gasketi ya sampu, ile ya kuzuia oili isivuje, na katika Tororo ya wakati ule ungepata simba kabla ya gasketi. Nikafikiri. Oili inasukumwa na pampu, nikajiambia. Kitu kinachosukumwa kinaweza kupanda. Nikachukua mpira mwembamba, nikaupandisha juu, nikauunganisha kwenye kifuniko cha vali, juu kabisa ya injini. Ule mshale nikauona ni wa watu wasio na akili ya kubuni.

Nilipoliwasha, lilinguruma kama kawaida. Nilipokanyaga mafuta, lilipiga mbinja. Mbinja nyembamba, tamu, inayopanda kadiri unavyokanyaga. Watoto walipiga makofi. Majirani walitokeza vichwa juu ya ua. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi.

"Linamwita nani?" akauliza.

"Hakuna. Ni pumzi tu."

"Hmm. Aliyeitwa atakuja."

Nilicheka. Nilitoka nalo mpaka njia ya Mukuju na kurudi, na wallahi liliruka. Niliporudi niliona vimoshi vya buluu nyuma wakati likinguruma pasipo kwenda, na oili imepungua kidogo. Nikasema ni ugeni, litazoea.

Kisha nikafanya lile lililokatazwa. Mtu aliyefunga tabo kwa mikono yake anawezaje kuliacha gari limejaa tope? Nikaliosha. Nikalipaka nta ya viatu, isiyo na rangi kwa bodi, nyeusi kwa magurudumu. Lilimetameta. Asubuhi ya safari mke wangu aliliona, akafumba macho, akafumbua, akapanda.

Busia tulipakia marobota mpaka paa. Kurudi, tukamkuta jirani kwenye kilima chetu, anapanda na mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. Nikakanyaga. Gari likapiga mbinja, tukampita kama mshale. Nilimpungia mkono kwa vidole viwili, kama mkubwa wa wilaya. Sijawahi kuwa na furaha ya kipumbavu kama ile, na haikudumu. Juu ya kilima walikuwa wameweka kizuizi, gogo na mapipa, na mwanajeshi mmoja alikuwa amesikia mbinja kabla hajaliona gari. Alikuwa anasubiri.

"Simama! Hapana zima." Akazunguka gari polepole, akapitisha kidole kwenye nta yangu. "Hii napiga filimbi gani?"

Mke wangu alinikanyaga mguu. Nilielewa maana yake: jifanye mjinga. Na kujifanya mjinga lingekuwa jambo rahisi kwangu, kwa kuwa nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa na Mungu. Lakini huyu mtu aliuliza kuhusu tabo yangu! Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza vizuri hivyo. Nikajisikia nasema, "Ni tabo, afande. Ni kama mvukuto wa mhunzi. Moshi unazungusha konokono, konokono anasukuma hewa..."

"Nakimbia sana?"

"Sana, afande," nikasema, na nikajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Alinyoosha mkono, akanionyesha nishuke. "Toa mizigo. Mimi najaribu. Ikiwa nzuri, nakaa na mimi."

Wakati wote huo injini ilikuwa inanguruma pale pale, kwa amri yake. Tulishusha marobota, moja moja, tukayapanga kando ya barabara. Mke wangu aliketi juu yake, mikono magotini. Hakulia wala hakunitazama. Nilimwona anaangalia lile gari kama mtu anavyoangalia shamba likizama kwenye mafuriko, na ndipo kwa mara ya kwanza nilitamani kuikwangua nta ile kwa kucha. Jirani alifika anahema, akaegemeza baiskeli, akasimama nasi. Alituangalia, akaliangalia gari, akaelewa. Hakutania. Kwa jirani yangu, kutotania ilikuwa ni kama mtu mwingine kuvua kofia.

Mwanajeshi aliingia kwenye usukani, akalitoa gari, akakanyaga mafuta kwa mguu mzima.

Mbinja ilipanda. Halafu nyuma ya gari likatoka wingu. Sijui kama naweza kulieleza. Oili ile iliyoshindwa kupanda kwenye mpira wangu mwembamba ilikuwa imejaa ndani ya konokono muda wote tulioshusha mizigo, na sasa yote iliingia kwenye bomba la moto kwa mkupuo mmoja. Moshi wa buluu, mzito, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Barabara ikatoweka. Kizuizi kikatoweka. Askari wenzake wawili waliruka mtaroni wakidhani kumetokea jambo jingine. Ndani ya wingu tulisikia mbinja, kukohoa kwa gari, na kukohoa kwa mtu, tukashindwa kutofautisha.

Akalirudisha gari kinyumenyume, madirisha wazi, macho mekundu. Alilizima, akashuka, akanitupia ufunguo kifuani.

"Wewe nataka kuua mimi? Gari gani hii, nakufa kabla kufika! Toa takataka hapa! Toa!"

"Ndiyo, afande. Samahani, afande. Ni bovu sana, afande," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisema ukweli bila kujua.

Tulipakia marobota kwa kasi ambayo tabo isingeweza kutupa. Mke wangu alianza kucheka tulipokipita kizuizi, kicheko cha kimya kinachotikisa mabega, akaendelea mpaka machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha. Nyumbani tulifika tumefuatwa na moshi kama gari moshi la Malaba. Jirani alifika nyuma yetu, mkungu wake umekuwa na rangi ya jiko.

Nilikuwa tayari nimefungua boneti. Nilikuwa nimeliona kosa langu, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeliona, na nikaanza kuwaeleza wote wawili: bomba lishuke, lisipande, nitashusha sampu, nitaitoboa, gasketi nitamwagiza shemeji, na wiki ijayo hata moshi kidogo hamtauona, litakuwa safi kabisa, litapiga mbinja tu.

Mke wangu alimgeukia jirani, kana kwamba yeye amechoka na sasa zamu ni ya mwenzake. Jirani akafuta uso kwa shati, akaninyooshea kidole.

"Injinia, sikia. Leo gari yako nabaki kwa sababu wewe fundi mbaya. Ungekuwa fundi muzuri, sasa mama nabeba vitenge kwa kichwa. Funga hiyo boneti, wende upike."