Fundi wa dashibodi asiyefungua gari bila mwenyewe kuwepo

Saa mbili asubuhi, Swafia Athman amepiga magoti ndani ya teksi nyeupe katika karakana yake mjini Mumias, Kaunti ya Kakamega. Mkononi ana bisibisi. Mlangoni ameketi mwenye gari, Osundwa. Chai aliyoletewa hajaigusa.

"Mama Abu, mimi sitoki hapa," anamwambia Swafia. "Nyinyi mafundi mnabadilishanga vitu."

"Keti, mzee wangu. Ukitaka, hesabu hata skrubu."

Anazihesabu kweli. Kumi na nne.

Swafia, 31, huvalisha upya dashibodi zilizopasuliwa na jua. Alianza na viti vya bodaboda. Dashibodi moja humpa hadi Sh6,500, na zamani alipata magari sita kwa mwezi. Sasa ni matatu, tangu mteja mmoja aeneze maneno kwamba redio yake ilibadilishwa hapo.

"Sikuigusa. Lakini hakuwepo nikifungua, sasa ningejiteteaje?" anauliza. Tangu siku hiyo, mwenye gari asipokuwepo, gari halifunguliwi.

Leo sharti hilo linamwokoa. Dashibodi inapotoka, mahali pa mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ajalini pamejazwa sponji kuukuu.

Osundwa anaruka. "Umeupeleka wapi?"

 Swafia anainua mikono yote miwili. Osundwa anaitazama, anaitazama sponji, kisha vumbi lililoganda juu yake. Anaketi polepole.

"Aliyeniuzia aliapa gari hili halijawahi kugongwa," anasema. Halafu anashusha sauti. "Funika tu. Na yale maandishi ya mfuko wa hewa yaliyokuwa juu ya dashibodi uyarudishe. Nani atajua?"

"Wewe unajua, mimi najua. Asiyejua ni abiria, na ndiye atakayeketi hapo. Maandishi siweki."

Osundwa anamkazia macho, kana kwamba bado anatafuta hila. "Haya, shona bila maandishi."

Swafia anakata ngozi bandia na kuunganisha vipande kwa cherehani. Mshono ukivimba, anaeleza, ni unene uliobaki kwa ndani. Kwa hiyo anapunguza kingo, anazifungua huku na huku, anapaka gundi, kisha anagonga taratibu kwa nyundo ya mpira hadi mshono ulale.

Jioni Osundwa anapitisha ukucha juu ya mshono. Haukwami. Anarudia.

"Umelala," anakiri. "Kiti cha mbele cha abiria hakikaliwi na mtu hadi nipate mfuko mwingine. Na stejini nitawaambia wenzangu wa teksi ukweli wako."

Je, atawaambia? Swafia anacheka. "Akisema, alhamdulillah. Watu huahidi sana wakiwa hapa."

Yeye ana mpango wake. Kila siku anaweka Sh200 ili akodi sehemu kando ya barabara kuu.

"Nataka karakana isiyo na ukuta wa mbele," anasema. "Anayenishuku aje na kigoda chake, aketi, atazame."