Kiboksi cha Kupunguza Umeme

Mume wa dada yangu mkubwa amefanya kazi nyingi, na hakuna hata moja aliyoijua. Aliuza dawa za nguvu, akauza viwanja vyenye wenyewe, akauza simu zilizozima kabla mteja hajafika kwake. Umeme ulipofika kwetu Mitole alikuja sikukuu ya Idi na katoni ya viboksi vyeupe vya plastiki, kila kimoja na taa ndogo ya kijani.

"Unachomeka kwenye soketi, basi," alitutangazia uani. "Umeme unaopotea hewani kinaukusanya, kinaurudisha ndani. Uniti zako zinakaa mara mbili."

Mimi kazi yangu ni kusuka mota. Nina kibanda Kilwa Masoko, naletewa pampu za maji na mashine za kusaga zilizoungua, nang'oa waya wa shaba uliokufa na kusuka mpya. Kwa hiyo nilicheka. Dada akanikata jicho.

Shemeji akachomeka feni kwenye ekstensheni, akaiwasha, akabana kipimo cha umeme kwenye waya wa ekstensheni, akamwonyesha kila mtu namba. Kisha akachomeka kiboksi kwenye ekstensheni hiyohiyo, kando ya feni. Namba ikashuka karibu nusu.

"Mashaallah!" mama akasema, na akawa wa kwanza kununua. Baba mdogo, mwenye duka na friji la soda, akachukua kadhaa.

Namba ilishuka kweli, na hapo ndipo nilipozidi kumdharau. Ndani ya mota ya feni kuna koili, yaani waya wa shaba uliosukwa, na koili ina tabia ya kuazima umeme na kuurudisha, kuazima na kuurudisha, bila kuutumia. Kapasita, kile kipande kinachoshika chaji kwa muda mfupi sana na kuiachia, hufanya vilevile ila kwa zamu ya kinyume. Ukiviweka pamoja, feni inaazima kwa kapasita badala ya kuazima kwenye nguzo, na waya wa kutoka kwenye nguzo unapitisha umeme pungufu kuliko mwanzo. Lakini mita ya nyumbani haihesabu umeme wa kuazimana. Inahesabu uliofanya kazi, uliozungusha feni na kupoza soda, na huo haupungui hata chembe. Shemeji hakuyajua haya. Alionyeshwa tu mahali pa kubana kipimo. Tapeli anayeielewa hila yake ningempa heshima kidogo. Huyu alikuwa anatudanganya kwa uongo ambao hata yeye hakujua umekaaje.

Asubuhi yake, baada ya chai, nilichukua kiboksi cha mama na bisibisi, nikakifungua mkekani watu wote wakiwa wamekaa. Ndani mlikuwa na kapasita moja nyembamba, ile taa, kipande cha kuipunguzia taa umeme isiungue, na donge la saruji.

"Shemeji," nikamwuliza, "hii saruji inafanya kazi gani?"

Aliitazama. Niliona wazi kwamba na yeye ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

"Hiyo ndiyo ethi," akasema.

"Ethi?"

"Ethi si udongo? Umeme ukizidi, unaingia humo."

Na watu wakaitikia kwa vichwa! Watu wazima, ndugu zangu, wenye macho. Ethi ya kweli ni waya unaoshuka ardhini; saruji hii ilitiwa humo ili kiboksi kiwe kizito mkononi, basi. Nilipowaeleza, dada alinijia juu. "Umesoma ufundi ndiyo utuaibishe kwenye sikukuu?" Mama akaniambia nikifunge kidude chake kama kilivyokuwa.

Sikukubali kushindwa kijinga namna ile. Nikamwomba baba mdogo tupime: friji lifanye kazi siku moja na kiboksi, siku ya pili bila, soda zilezile. Akakubali. Tukasoma mita pamoja, na uniti zilizokwenda zilikuwa sawa. Nikadhani yamekwisha. Baba mdogo akaitazama ile mita, akajikuna shingo.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "bila hiki kidude jana zingekwenda nyingi zaidi."

Nilirudi Masoko siku hiyohiyo. Kuna ujinga ambao ukibishana nao unaishia kujichosha bure.

Msimu wa korosho ulipoanza, baba mdogo alinipigia simu akitweta. Kiboksi cha dukani kilikuwa kimevimba, kikapasuka, moshi ukajaa, soketi ikayeyuka ukutani pamoja na plagi ya friji. Haikunishangaza. Kapasita dhaifu ikiachwa kwenye umeme mchana kutwa na usiku kucha, mwisho wake ni huo. Nilikwenda, nikakata waya ulioungua, nikafunga soketi mpya. Yeye alikuwa amekwishampigia shemeji, na shemeji alikuwa na jibu.

"Kasema umeme wetu wa huku shamba ni mchafu," baba mdogo akaniambia. "Kiboksi kimejitolea kuliokoa friji."

"Na wewe umemwamini?"

"Friji si zima?"

Nilikusanya vifaa vyangu, nikaondoka.

Shemeji alihamia Mtama na viboksi vyake, baadaye nikasikia yuko Rondo. Idi iliyofuata alikuja na shati jipya, akakaa karibu nami kwenye sinia la pilau, akanipa mkono kana kwamba tumekuwa marafiki siku zote.

"Shemeji fundi," akaninong'oneza, "wewe una mikono. Viboksi tuvitengeneze wenyewe. Wewe ndani unafunga, mimi nje nauza."

Hakuwa na haya hata kidogo, na nadhani alikuwa ananisifu. Dada alikuwa anatutazama kutoka mlangoni, uso umemchangamka, akidhani tumepatana.

"Hapana," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Sikuona sababu ya kumjibu mtu wa namna ile. Niliinuka, nikanawa mikono, nikamwachia pilau ale peke yake.